Mfuko wa stoma na sauti zake: kuishi nazo kazini, ibadani na safarini

Wengi wetu hapa Dodoma wenye stoma, yaani tundu lililofunguliwa tumboni kwa upasuaji ili choo au mkojo utokee hapo na kuingia kwenye mfuko, tunajifunza kubadilisha mfuko mapema kuliko ndugu zetu walivyotarajia. Kinachochelewesha mtu kurudi ofisini, kanisani au msikitini ni sauti. Harufu inabaki ndani ya mfuko uliobandikwa vizuri, lakini sauti inapita. Stoma haina msuli wa kubana kama ule wa njia ya kawaida ya haja, kwa hiyo gesi ikifika inatoka, hata kama mchungaji yuko katikati ya sala.

Jambo ninaloliona mara nyingi, na linaloniumiza, ni mtu kujinyima chakula ili tumbo linyamaze. Ana kikao asubuhi, anatoka nyumbani bila hata chai. Tumbo tupu ndilo linalonguruma zaidi. Utumbo usio na chakula haulali: kila baada ya dakika 90 hadi 120 hivi hujikaza kutoka juu kwenda chini, ukisukuma hewa na maji yaliyobaki, na kwa kuwa hakuna chakula cha kuzima mlio huo, unasikika mpaka kiti cha jirani. Hivyo katika hatua zote zifuatazo nakuomba ushike hili: usizime sauti kwa njaa, ipangie saa.

Nawaandikia wenye kolostomi (utumbo mpana) na wenye ileostomi (utumbo mwembamba). Mwenye stoma ya mkojo hana gesi hii; kwake zitamfaa sehemu za mfuko, nguo na namna ya kuongea na watu.

Hatua ya 1: Tambua sauti inatoka wapi

Kaa mahali patulivu baada ya kula, usikilize. Kuna kunguruma kwa ndani, ambako kila binadamu anako. Kwa mwenye ileostomi kunasikika zaidi kwa sababu kinachopita ni majimaji yaliyochanganyika na hewa. Kuna mlio wa stoma yenyewe, gesi inapopenya kwenye mdomo wake na kuutikisa. Huu ndio unaowaaibisha watu. Halafu kuna kuchakacha kwa mfuko chini ya nguo unapotembea au kuinama.

Zitenganishe, kwa sababu dawa zake ni tofauti. Kunguruma kunatulizwa kwa kula kwa mpango. Mlio wa stoma unapunguzwa kwa kupunguza gesi, na unafifishwa kwa mkono. Kuchakacha ni suala la kitambaa tu.

Kama umetoka upasuaji hivi karibuni, jua pia kwamba stoma imevimba na itaendelea kunywea kwa wiki 6 hadi 8. Katika kipindi hicho gesi ni nyingi na milio ni ya ghafla. Usiandike barua ya kuacha kazi kwa sababu ya sauti za mwezi wa kwanza. Stoma inavyonywea, pima upya tundu la mfuko: lizidi stoma kwa milimita 2 au 3 tu. Likiwa kubwa mno, kinyesi kinakula ngozi na gundi inaachia, na hewa inayopenya pembeni ina sauti yake na harufu yake.

Hatua ya 2: Weka daftari la saa

Chukua daftari la shule, chora safu tatu: saa uliyokula, ulichokula, saa sauti zilipozidi. Endelea kwa wiki mbili. Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na haigharimu zaidi ya kalamu.

Kwa kawaida gesi ya chakula hufika kwenye ileostomi baada ya muda wa saa 2 hadi 4. Kwenye kolostomi ya upande wa kushoto huchukua muda wa saa 6 hadi 8. Kama hukuelezwa una stoma gani, soma karatasi uliyopewa uliporuhusiwa hospitalini, au muulize nesi. Kwa kukisia tu: iliyoko kulia na kutoa uji au majimaji mara nyingi ni ileostomi, iliyoko kushoto na kutoa kinyesi kilichoshikana mara nyingi ni kolostomi.

Sasa piga hesabu kwa ibada ya Jumapili ya saa 4 asubuhi. Mwenye ileostomi akinywa chai ya maziwa na maandazi saa 1, sauti zitamjia kati ya saa 3 na saa 5, yaani akiwa kwenye benchi. Heri ale saa 11 alfajiri, au saa 1 ale kitu kidogo kikavu kama mkate au kiporo cha wali, na maziwa ayaache mpaka arudi. Mwenye kolostomi ya kushoto akila maharage saa 2 usiku wa Jumamosi, gesi itamsumbua kati ya saa 8 na saa 10 usiku akiwa kitandani. Asubuhi anaamka, anamwaga mfuko, anakunywa chai yake kwa amani, maana gesi ya chai hiyo haitafika kabla ya saa 7 mchana.

Lakini kuna sauti ya pili inayochanganya watu. Dakika chache baada ya kuanza kula, tumbo likijaa, utumbo wote unashtuka na kusukuma kilichokuwa njiani. Hiyo ni gesi ya mlo uliopita. Ukilaumu chakula kilichoko mdomoni utaacha vyakula visivyo na hatia mpaka ubaki na uji mtupu. Kwa ajili ya sauti hii, maliza kula angalau dakika 45 kabla ya kuingia mahali pa kimya, na upite chooni kwanza.

Hatua ya 3: Punguza hewa unayomeza

Sehemu kubwa ya gesi ya tumboni ni hewa tuliyoimeza wenyewe. Bigijii, sigara, kunywa kwa mrija, kufyonza chai ikiwa ya moto sana, kula haraka huku unaongea, meno ya bandia yanayolegea: vyote vinaingiza hewa. Soda na bia zinaingia na gesi yake tayari. Pombe za kienyeji ambazo bado zinachacha ni hivyo hivyo. Kula umekaa, tafuna mpaka chakula kilainike, na mazungumzo yasubiri.

Hatua ya 4: Chakula chetu cha huku

Vyakula vinavyoleta sauti na vinavyoleta harufu ni makundi mawili tofauti. Mayai, samaki na vitunguu saumu huzidisha harufu zaidi kuliko mlio, na mfuko uliobana vizuri unaimaliza shida hiyo. Wanaoleta gesi nyingi ni jamii ya maharage: maharage yenyewe, kunde, mbaazi, choroko, dengu, njugu mawe. Wanafuatiwa na kabichi, vitunguu maji, viazi vitamu, na maziwa kwa wale ambao tumbo lao haliyameng'enyi. Maharage yana sukari ambazo utumbo wetu hauwezi kuzivunja. Zikifika kwenye utumbo mpana bakteria wanazichachusha, na gesi inatoka hapo. Ndiyo maana mara nyingi mwenye kolostomi huyaogopa maharage kuliko mwenye ileostomi.

Usiyaache. Kwa familia nyingi za mkoa huu kunde na maharage ndiyo nyama ya kila siku, na mgonjwa aliyetoka upasuaji anahitaji protini ili kidonda kipone. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale. Yachemshe kidogo, mwaga tena. Kisha yapike kwa maji mapya mpaka yaive kabisa na kupondeka kwa kijiko. Anza na vijiko viwili vitatu, siku ambayo huna safari, uandike kwenye daftari kilichotokea. Kama mwili umekubali, ongeza taratibu.

Ugali wa uwele au wa mtama na mlenda ni mlo ninaoupenda, na siwezi kumwambia Mgogo auache. Nusu ya kazi ni ya mpishi: majani yakatwe madogo sana na yaive. Mtindi huwatuliza baadhi ya watu kuliko maziwa mabichi, kwa sababu sehemu ya sukari yake imekwisha kuchacha. Chai ya mnanaa au ya tangawizi pia huwasaidia baadhi. Ijaribu, na daftari liamue.

Mwenye ileostomi awe mwangalifu na karanga, bisi, mahindi ya kuchoma, nazi, uyoga na maganda ya zabibu. Zabibu za Dodoma zinapojaa sokoni Majengo ni vigumu kuzipita, basi menya au tema ganda. Hivi vitu haviyeyuki vizuri na vinaweza kuziba njia, hasa katika wiki 6 hadi 8 za mwanzo.

Na tafadhali, usipunguze maji ili kupunguza kutokota kwa tumbo. Nimesikia ushauri huo ukitolewa kwa nia njema, na ni wa hatari. Mwenye ileostomi anapoteza maji na chumvi kila saa, na jua la kiangazi cha hapa na upepo wake mkavu vinammalizia. Kunywa kidogo kidogo siku nzima, na uwe na pakiti za ORS (chumvi na sukari ya kuchanganya na maji ya kunywa) nyumbani.

Kuhusu dawa: dawa ya simethikoni inavunja mapovu ya gesi na kwa baadhi ya watu inasaidia. Vidonge vya mkaa vinanyonya pia dawa nyingine, vikiwemo vidonge vya uzazi wa mpango, kwa hiyo usivimeze bila kumweleza mfamasia kila dawa unayotumia. Loperamidi hupunguza kasi ya utumbo, lakini ni daktari wako ndiye wa kukuandikia.

Hatua ya 5: Mfuko na nguo

Kichujio kile kidogo cha mkaa kilichoko juu ya mfuko kinatoa gesi taratibu na kuzuia harufu. Hakizuii sauti, kwa sababu mlio unatokea kwenye stoma kabla gesi haijafika kwenye kichujio. Faida yake ni kwamba mfuko haujai upepo kama puto na kuonekana chini ya nguo. Kikilowa hakifanyi kazi, hivyo kizibe kwa stika yake kabla ya kuoga, ukimaliza kuoga uibandue.

Kama mfuko wako hauna kichujio, toa upepo chooni kwa kufungua mdomo wa chini. Usiutoboe kwa pini. Tundu halizibiki, na kuanzia hapo utabeba harufu mchana kutwa. Mwaga mfuko ukifika theluthi moja, usingoje ujae, maana ukiwa mzito unavuta gundi na kutikisika kwa sauti.

Kuchakacha kunaisha kwa pamba. Chukua khanga kuukuu iliyokwisha kulainika, shona kifuko cha ukubwa wa mfuko wako, acha tundu upande wa tumboni, uuvalishe. Shona viwili au vitatu, vingine vikae kwenye kamba vikikauka. Kifuko hicho kinanyonya jasho pia, jambo kubwa kwa mji wenye joto kama wetu. Wanaotumia mifuko ya kujitengenezea ya nailoni kwa sababu ya bei ndio wanaoihitaji zaidi hatua hii, kwani nailoni nyembamba inalia kila unapopumua. Weka khanga pande zote mbili, kati ya nailoni na ngozi na kati ya nailoni na nguo.

Juu ya kifuko, vaa chupi ya kiuno kirefu au taiti laini isiyobana. Wanaume, singlendi iliyochomekwa inatosha, na mkanda wa suruali upite juu au chini ya stoma, usipite katikati yake. Kitambaa kila kinapoongezeka, mlio unapungua. Kitenge chenye maua mengi kinaficha umbo la mfuko kuliko kitambaa cha rangi moja. Mifuko ya akiba itunze ndani kwenye ubaridi. Ukiiacha kwenye gari lililoegeshwa juani, gundi inaharibika.

Hatua ya 6: Mkono

Baada ya muda utaanza kuhisi gesi sekunde chache kabla haijatoka, kama msukumo au mkunjo karibu na stoma. Ukiuhisi, weka kiganja au mkono wa mbele juu ya stoma, juu ya nguo, ukandamize kwa upole mpaka ipite. Mlio unageuka kuwa mnong'ono. Ukiwa umekaa, kunja mikono na uinamie mbele kidogo, au weka mkoba, Biblia, daftari pale mapajani ukiegemea tumbo. Jizoeze nyumbani redio ikiwa imezimwa, mtu wa karibu akikaa hatua mbili kutoka kwako akuambie anasikia nini. Utashangaa ni kidogo kiasi gani kinachomfikia.

Usizibe stoma kwa kidole wala kitambaa kilichosokotwa, na usikandamize muda wote. Gesi lazima itoke.

Hatua ya 7: Mikusanyiko na safari

Kanisani, keti karibu na spika au kwaya, pembeni kwenye njia ya kutokea. Watu hukimbilia kona ya nyuma wakidhani watajificha, na huko nyuma ndiko kuna ukimya. Kwa Waislamu wasiwasi mkubwa huwa ni udhu, kwa kuwa gesi haina ruhusa ya mtu. Fiqhi inamjua mwenye udhuru wa kudumu: katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi huku wanayafuata, hutia udhu kwa kila swala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia, kisha huswali. Nenda kwa shekhe wako umweleze hali yako kwa uwazi akuongoze. Ijumaa, mwenye ileostomi akifungua kinywa saa 2 asubuhi, sauti nyingi zitakuwa zimepita ifikapo saa 7. Sijida na rukuu zinabana mfuko, kwa hiyo umwage kabla.

Msibani ni pagumu zaidi. Unakaa kwenye mkeka muda mrefu, magoti yamekunjwa, tumbo limejikunja, na gesi inasukumwa. Omba kiti, aliyefanyiwa upasuaji hapewi lawama kwa kukaa kitini. Ukilazimika kukaa chini, nyoosha miguu mbele na uegemee ukuta.

Ofisini Mtumba au kwenye ukumbi wa mitihani UDOM, tatizo ni ukimya wa kiyoyozi na kalamu. Zungumza na msimamizi siku moja kabla, uombe kiti karibu na mlango na ruhusa ya kutoka bila kunyoosha mkono.

Kwa daladala usiwe na hofu, injini na kondakta wanafunika kila kitu. Basi la kwenda mbali: mwaga mfuko stendi ya Nzuguni kabla ya kupanda, kaa dirishani ili stoma ielekee nje kama iko upande huo, na usisubiri basi lisimame porini kuchimba dawa, kwa sababu kumwaga mfuko vichakani huku wenzako wanakusubiri ni mateso. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, ina choo ndani, na hilo peke yake linatosha mimi kuichagua. Ila imetulia kuliko basi, hivyo mkono uwe tayari. Kumbuka pia kwamba Dodoma iko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa uliyoifungia mfukoni ukiwa Dar hutanuka kwa karibu sehemu moja ya saba mpaka ufike huku. Toa upepo wote kabla ya kuondoka, na ukague tena ukipita Morogoro. Kwenye ndege hutanuka zaidi ya hapo.

Hatua ya 8: Maneno ya kusema

Sauti ikitoka, kuna sekunde mbili ambazo kila mtu anaamua la kufanya. Ukibaki unatazama chini, nao wataona aibu. Ukisema "Samahani, tumbo hilo," kwa sauti ya kawaida na kuendelea na ulichokuwa unasema, mambo yanaisha. Huna deni la kumsimulia kila mtu upasuaji wako.

Kwa wachache unaokaa nao kila siku ni vizuri wajue. Kwa mzee au mkwe, ambako heshima inabana zaidi, mweleze kabla hamjakaa mezani: "Shikamoo mama. Naomba nikwambie, nina mfuko wa hospitali tumboni, na mara nyingine unatoa sauti nisiyoweza kuizuia. Naomba usinielewe vibaya." Sijaona mama wa huku aliyelisikia hilo akakasirika. Mwenzi wako naye umwambie, na kinachomsumbua na kisichomsumbua kizungumzwe. Kumwaga mfuko kabla ya kulala na kuvaa kifuko cha pamba kunatosha kwa usiku mwingi.

Mtoto ni jambo la kipekee. Wapo watoto waliozaliwa bila njia ya haja kubwa wanaoishi na kolostomi wakisubiri upasuaji, na wengine wanaanza shule wakiwa nayo. Mzazi, usimpeleke na kumwacha. Kaa na mwalimu wa darasa, mwonyeshe mfuko ulivyo, kubalianeni mtoto akae karibu na mlango na atoke bila kuomba. Mfundishe mtoto jibu lake mwenyewe kwa wenzake, fupi: "Ni tumbo langu, nilifanyiwa opresheni." Na mwambie mwalimu wazi kwamba mtoto akichekwa ni wajibu wa mwalimu kusimamisha hilo siku hiyo hiyo.

Wakati wa kwenda hospitali

Sauti za kawaida huja na kupita. Ukisikia tumbo linapiga milio mikali ya juu huku linauma kwa mikazo, limevimba, na mfuko unatoa maji tu au hautoi kitu, huenda njia imeziba. Mwenye ileostomi ambaye stoma yake imenyamaza bila kutoa chochote kwa muda wa saa 4 hadi 6, akiwa na maumivu au kichefuchefu, asingoje kesho. Mwenye kolostomi akikaa siku mbili bila choo wala gesi, tumbo limejaa au anatapika, aende pia, na kama maumivu ni makali au anatapika asisubiri siku hizo mbili ziishe. Asimeze dawa ya kulainisha choo au ya kumfanya aharishe, na kama anatapika asilazimishe kula. Stoma ikibadilika kutoka wekundu wake na kuwa ya zambarau iliyokolea au nyeusi, nenda saa hiyo hiyo.

Aliye mjini ana Hospitali ya Benjamin Mkapa na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile tunayoiita General. Aliye Kondoa, Mpwapwa au Bahi aanzie hospitali ya wilaya bila kupoteza muda njiani. Beba karatasi ya upasuaji, mfuko wa akiba na lile daftari. Ukifika mapokezi taja kwanza kwamba una stoma, ni ya aina gani, na saa ngapi ilitoa kitu kwa mara ya mwisho.